Posho na Mkahawa: Chakula cha Msafiri wa Kazi katika Nchi ya Mto Mara

Historia ya safari imeandikwa kwa habari za njia, mizigo, bunduki na mikataba. Chungu hakikupewa nafasi kubwa ndani yake. Hata hivyo hapakuwa na tarishi aliyechukua barua, wala karani aliyehesabu vibanda, wala bwana mifugo aliyechanja ng'ombe, aliyeweza kufanya kazi yake siku tatu na tumbo tupu. Kila mmoja wao alikula mahali, na kila alipokula palikuwa na mtu aliyesenya kuni, akateka maji, akasaga nafaka na kukaa motoni. Gharama ya taabu hiyo ililipwa na mtu fulani. Ni nani huyo? Jibu limebadilika mara nyingi katika muda wa miaka mia moja na zaidi. Katika nchi ya mto Mara mabadiliko hayo yanaonekana wazi kuliko mahali pengi, kwa kuwa yalikuja upesi, na kwa kuwa watu walioyapokea walikuwa na sheria zao imara za kula.

Nchi yenyewe leo ni wilaya mbili zilizotengwa na mto. Kaskazini ni Tarime, nchi ya vilima, migomba, mahindi na kahawa, ambayo mpaka wake wa juu ni Kenya. Zamani za Waingereza ilijulikana kwa jina la Mara ya Kaskazini. Kusini ni Serengeti, ambayo makao yake makuu ni Mugumu, nchi inayoteremka polepole mpaka kwenye nyika iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1951. Wakuria wanakaa pande zote mbili za mto, na kusini wamechanganyika na Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye na Watatoga.

Kabla ya utawala wa kigeni hapakuwa na nyumba katika nchi hii ambayo kazi yake ilikuwa kuuza chakula kilichopikwa. Nafaka ilibadilishwa kwa mbuzi, hasa wakati wa njaa. Mikia ya nyumbu ya Waikoma ilifika Usukuma na kurudi na vitu vingine. Lakini ugali uliokwisha songwa haukuwa na bei. Mtu aliyesafiri kwa shughuli zake, kutafuta ng'ombe waliopotea, kudai deni, kupeleka habari ya msiba, alikula katika mji wa mtu. Swali lilikuwa mji wa nani, na jibu lake halikuachwa kwa bahati. Wakuria wamegawanyika katika koo nyingi, Wanchari, Watimbaru, Wanyabasi, Wairege, Wakira na nyingine, na koo hizo mara nyingi zilipigana. Juu ya mipaka ya koo, lakini, palikuwa na vizazi vyenye majina yale yale kila mahali: Abasai, Abanyambureti, Abagamunyere na Abamaina upande mmoja, Abachuma, Abangorongoro, Abamairabe na Abagini upande wa pili. Malcolm Ruel, mwanazuoni aliyefanya utafiti kwa Wakuria katika miaka ya 1950, alieleza mpango huo kwa kirefu katika makala aliyoitoa mwaka 1962. Kwa msafiri, faida yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Alipofika ugenini akataja kizazi chake, alijulikana papo hapo ni ndugu wa nani, mtoto wa nani na baba wa nani, hata kama hakuna aliyewahi kumwona. Kusini ya mto, kwa Waikoma na jirani zao, rika lilifanya kazi kama hiyo.

Mpango huo ulimpa msafiri mlo, na pia ulimwonyesha mahali pa kuulia. Haya na heshima baina ya vizazi vinavyofuatana ilikuwa sheria kubwa. Mtu hakuketi ovyo na yule aliye kwake mfano wa baba, wala hakufanya mzaha mbele yake. Aliye wa kizazi chake mwenyewe, au wa kizazi cha babu, ndiye aliyekuwa mwenzi wa kula na wa kucheka naye. Wazee walinywa pombe kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, na kila mrija ulikuwa na nafasi yake.

Ukarimu wa namna hiyo husifiwa sana siku hizi, nao wastahili sifa. Ila wasifuo aghalabu husahau mambo mengine. Ulikuwa mkopo usioandikwa. Aliyelisha leo alitarajia kulishwa kesho, yeye au mwanawe, na mwenye kula kwa watu bila kulisha watu alijulikana upesi. Tena ulikuwa na mipaka: mtu asiye na kizazi, asiye na ukoo, asiye na ndugu wa damu wala wa kiapo, hakuwa na mlango wa kubisha. Na taabu yake haikugawanywa sawa. Mwanamume ndiye aliyekaribisha. Mwanamke ndiye aliyesaga. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na methali hiyo haikutungwa na watu wachoyo. Ilitungwa na watu waliojua hesabu ya ghala.

Msafiri wa namna ya pili, yule anayetembea kwa kazi ya mtu mwingine, alikuja na neno lake. Neno hilo ni posho. Lilienea katika misafara ya karne ya 19, na maana yake ilikuwa fungu la chakula ambalo mwenye msafara alimpa mpagazi: kibaba cha nafaka kwa siku, au nguo na shanga za kununulia chakula njiani. Wapagazi waligawanyika makundi makundi, kila kundi na chungu chake, wakapika wenyewe jioni baada ya kutua mizigo. Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba mpagazi hakuwa mgeni wa mtu yeyote. Alikula jasho lake, na akipunjwa alijua wa kumdai.

Njia kubwa za misafara zilipita mbali na mto Mara. Ile ya kati ilitoka Bagamoyo ikapita Tabora mpaka Ujiji. Lakini mwaka 1892 Mwaustria Oscar Baumann aliongoza msafara wake kupita Ngorongoro na Serengeti hata Ziwa Victoria. Aliipita nchi katika wakati mbaya kabisa. Sotoka ilikuwa imeteketeza ng'ombe, na Baumann akaandika habari za Wamasai waliokondeana kwa njaa wakizunguka kambi yake. Safari nyingi zilisimuliwa na watu walioshiba miongoni mwa watu walio na njaa, na hiyo yafaa kukumbukwa kila zisomwapo.

Wajerumani walipojenga ngome Ikoma na kuweka kituo Shirati, kando ya ziwa, posho ya mpagazi na ukarimu wa mwenye mji viligongana. Kodi ya kibanda ilikuwa imeanza mwaka 1898. Askari na wajumbe walitumwa vijijini, nao walikula huko. Je, walikula kama wageni au kama watu wa posho? Kwa umbo walikuwa wageni: waliketi barazani, wakaletewa. Kwa kweli hawakuwa wageni, maana mgeni huomba na huweza kunyimwa. Chakula chao hakikuwa mkopo, kwa kuwa hakuna mwenye mji aliyetazamia kwenda kulishwa ngomeni. Hapo ndipo ukarimu ulipogeuzwa kuwa kodi ya pili, isiyo na stakabadhi. Makosa ya utawala yaliyo makubwa huandikwa. Haya madogo, ya mbuzi mmoja na kuku wawili, hayakuandikwa, na huenda ndiyo yaliyochukiwa zaidi, kwa kuwa yalirudi kila mwezi na yalimwingia mtu hata jikoni mwake.

Vita vya 1914 hadi 1918 vilionyesha posho mbaya inavyoweza kuua. Jeshi la Waingereza lilichukua wapagazi kwa mamia ya maelfu katika Afrika ya Mashariki, na makumi ya maelfu kati yao walikufa, wengi zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Unga wa mahindi mgeni kwa matumbo yao, ukipikwa haraka katika maji machafu na kuni chache, uliwaletea tumbo la kuhara damu. Jina la jeshi hilo la wapagazi, Carrier Corps, limebaki Dar es Salaam katika neno Kariakoo, na wanunuzi wa mchele sokoni pale ni wachache wanaofikiri kwamba wanalitaja jeshi lililokufa kwa chakula.

Zamani za Waingereza safari ya kazi ilikuwa na taratibu zaidi. Sheria ya Tawala za Wenyeji ya mwaka 1926 iliweka watemi wenye madaraka hata kwa Wakuria, ambao kabla ya ukoloni hawakuwa na watemi. Bwana Shauri alipozuru nchi alikwenda na hema, kitanda cha kukunja, boi na mpishi. Mpishi huyo anastahili sifa ambazo hakuzipata. Aliweza kuoka mkate kwa makaa juu na chini ya sufuria, kwenye upepo, bila tanuri, na kuuleta mezani katika saa ile ile kama kwamba wako mjini. Mayai, maziwa, kuku na kuni vililetwa na wenyeji kwa amri ya mtemi na kwa bei iliyopangwa. Mayai yalijaribiwa katika bakuli la maji. Lililozama lilipokewa, lililoelea lilirudishwa. Katika jamii nyingi za kando ya Ziwa Victoria wanawake wa zamani walikatazwa kula kuku na mayai. Basi mama aliyefuga kuku, akakusanya mayai na kuyachukua kichwani mpaka kambini, alichukua kitu ambacho hata kikirudishwa yeye hakukila.

Bwana Shauri, walau, alilipa. Waliomfuata nyuma ndio waliokuwa mzigo: karani wa kodi, tarishi, askari wa baraza, bwana shamba mwenye baiskeli. Hawa hawakuwa na hema wala mpishi. Mshahara wao ulikuwa mdogo, na vijijini hapakuwa na mahali pa kula kwa fedha. Kwa hiyo walifikia kwa jumbe, na jumbe hakuwa na ghala la serikali. Alikuwa na majirani. Kuku wa karani alitoka kwa mtu ambaye karani hakumjua jina. Haikuwa lazima karani awe mwovu. Huenda alikuwa kijana mpole aliyesoma misheni, akishukuru kila alichopewa. Mpango wenyewe ndio ulimfanya ale mali ya maskini kwa niaba ya serikali, na upole wake haukumrudishia mtu kuku.

Mkahawa wa kwanza katika habari hii, basi, haukufika kama anasa. Ulifika kama njia ya kutoka.

Waliouzoea kwanza walikuwa watu wa kazi waliotoka nchini. Tangu miaka ya 1920 mashamba ya chai ya Kericho yaliajiri watu wengi kutoka pande za ziwa, na Wakuria walikuwa miongoni mwao. Katika miaka ya 1930 dhahabu ilichimbwa pande zote mbili za mpaka. Tena vijana wengi wa Kikuria waliingia jeshi la K.A.R. na polisi. Huko posho ilikuwa unga wa mahindi uliopimwa kwa juma, na chakula cha jeshi kilipangwa kwa foleni na sahani ya bati. Mtu aliyekula miaka mitatu kwa foleni, nyuma ya mtu wa kabila lingine na mbele ya mtu wa umri wa baba yake, hurudi nyumbani na mwili uliojifunza jambo jipya. Alirudi pia na mazoea ya chai yenye sukari.

Njia ya kurudi ilimpitisha katika vituo vidogo vya biashara, palipokuwa na duka la Mhindi, duka la Mwarabu, cherehani barazani, na pembeni chumba cha mabati chenye mabenchi mawili. Vyumba vya namna hiyo katika miji midogo ya bara vilishikwa aghalabu na Waarabu, Wasomali na Waswahili wa pwani, na chakula chake kilikuwa cha pwani: chai ya maziwa, maandazi, chapati, maharagwe, na siku njema pilau. Katika nchi ya ugali wa mtama na wimbi, chakula hicho kilikuwa ugeni kitupu. Hata jina lake lilitoka mbali. Mkahawa ni mahali pa kahawa, neno lenye mzizi wa Kiarabu. Hoteli imetoka katika Kiingereza, lakini imegeuzwa maana. Mwingereza akisema neno hilo afikiri kitanda. Msafiri wa Afrika ya Mashariki akiuliza hoteli iko wapi, ataka wali. Kugeuka huku kwa maana ni kumbukumbu ya historia. Mwafrika wa siku hizo hakulala katika nyumba zilizoitwa hoteli na Wazungu, wala hakukaribishwa mezani mwake. Alilichukua jina, akaliweka juu ya mlango wa mabati, akalipa kazi iliyomfaa.

Nyumbani mambo hayo hayakupokewa kwa furaha. Kununua ugali kulionekana ni kujitangaza kuwa huna mtu. Mwanamume mwenye ndugu katika nchi alipitaje nyumba zao akaenda kula kwa mgeni, kwa fedha? Nduguze waliona wametukanwa. Zaidi ya hayo, benchi la mkahawa halikujua vizazi. Baba na mwana, mkwe na mkwewe, wangeweza kujikuta bega kwa bega, mchuzi wa mmoja ukimrukia mwenziwe, katika chumba ambacho hakikuwa na upande wa wazee. Watu walijitungia hila: kijana akimwona mzee wa kumheshimu amekaa ndani, alipita kama kwamba alikuwa na haraka, akarudi baadaye. Polepole hila ikachakaa. Miongoni mwa vitu vyote vilivyoletwa na ukoloni, shule na dini na sarafu, benchi limesahauliwa na wanahistoria, ingawa lilifanya kazi ambayo hotuba nyingi hazikuifanya.

Na karani? Karani aliyekula mkahawani kwa senti zake hakuwa na deni. Aliweza kumwambia jumbe kweli juu ya daftari la kodi, kwa kuwa hakuwa na firigisi ya jumbe tumboni. Mwenye mji naye alibaki na kuku wake. Wako watu waliosema, na wangaliko wasemao, kwamba mkahawa uliua ukarimu. Neno hilo lina ukweli kidogo na usahaulifu mwingi. Ukarimu wa ndugu kwa ndugu haukuuawa na chai ya mabati. Kilichopunguzwa na mkahawa ni ule ukarimu wa kulazimishwa, ambao jina lake la haki ni kodi.

Baada ya Uhuru usemi ulibadilika kuliko vyungu. Utemi ulifutwa mwaka 1963, na mahali pa mtemi na jumbe palishikwa na watumishi wa serikali na viongozi wa chama. Hao pia walisafiri, tena zaidi kuliko waliowatangulia, kwa maana serikali changa ina mikutano mingi. Mwaka 1974 Operesheni Mara iliwahamisha watu katika vijiji vya pamoja. Kijiji kipya kilikuwa na ofisi, ofisi ilikuwa na wageni, na wageni walitaka kula. Umoja wa Wanawake wa Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1962, ulifungua migahawa midogo katika vijiji na miji mingi nchini, na kwa mara ya kwanza kazi ya kumpikia mtu wa serikali ilihesabiwa kuwa kazi yenye mapato. Hesabu zilikuwa hafifu mara nyingi, na viongozi wengine walikula kwa ahadi; lakini kanuni ilikuwa imekwisha kuwekwa, kwamba mwanamke aanuaye chungu kwa ajili ya mgeni wa ofisi anastahili kulipwa.

Kisha zikaja taabu. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilifunga maduka ya watu binafsi mahali pengi kabla maduka ya vijiji hayajaweza kushika nafasi yake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa. Sirari, iliyokuwa mlango, ikawa ukuta. Vita na Idi Amin vya 1978 na 1979 vilikausha fedha za nchi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari, ngano, mafuta na sabuni viliadimika Tanzania nzima, na msafiri wa kazi alijifunza kubeba sukari yake mfukoni, katika karatasi, akaitia katika chai ya mkahawa uliokuwa na majani tu. Katika wilaya za mpakani bidhaa zilipita usiku kwa magendo. Mwaka 1983 ulikuwa na mambo mengi kwa pamoja: msako wa wahujumu uchumi, Sheria ya Nguvu Kazi iliyowasumbua wachuuzi na wapishi wa mitaani mijini, na mwishoni mwa mwaka, kufunguliwa tena kwa mpaka.

Upande wa hifadhini kulikuwa na meza za namna nyingine kabisa. Hoteli za kitalii za Seronera na Lobo zilijengwa kwa ajili ya watalii waliokuja kwa anga na kwa barabara, wengi wao wakipitia Kenya, hata kufungwa kwa mpaka kulipowazuia, hoteli zikaona ukiwa. Humo hoteli ilirudiwa na maana yake ya Kizungu: kitanda, kitambaa cheupe, supu kabla ya nyama. Dereva aliyemleta mtalii kwa safari ya siku nzima alikula chumba kingine na chakula kingine. Yeye ndiye aliyekuwa safarini kwa kazi. Aliyekula mezani alikuwa safarini kwa starehe. Hali hiyo haijaisha. Tofauti na zamani ni kwamba hugawanya watu kwa mfuko badala ya rangi, na madereva wengine hukiri kwamba ugali wa jikoni la watumishi ni mtamu kuliko supu.

Mageuzi ya biashara ya katikati ya miaka ya 1980 yalimleta mtu ambaye sasa ndiye mlishaji mkuu wa wasafiri wa kazi, yaani mama ntilie. Jina lilianza kama ombi: mama, nitilie. Serikali ilipendelea mama lishe, neno lenye adabu zaidi na utamu kidogo. Jambo jipya kwa Bukuria ni mwenye kupika kuwa ndiye mwenye biashara. Mkahawa wa zamani ulikuwa wa mwanamume mgeni. Huu ulikuwa wa mwanamke mwenyeji, na aghalabu mjane, au aliyeachika, au mke ambaye mumewe hakumpa fedha za ada ya shule. Katika nchi ambako mahari ya ng'ombe ilikuwa ya wanaume kupanga, sufuria tatu na benchi zilimpa mwanamke fedha ambazo hakuna mkutano wa ukoo uliozijadili. Mwaka 2018 serikali ilipoanza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 kimoja, mama lishe walikuwa miongoni mwa waliokusudiwa. Mamlaka iliyokuwa imewafukuza mwaka 1983 iliwahesabu sasa.

Chakula nacho kiligeuka. Maandazi hayakuondoka, lakini nyumbani kuliingia mkahawani. Msafiri afikaye Tarime leo hupata ugali wa muhogo na mtama, sato na dagaa wa ziwani, mgagani, maziwa ya mgando, nyama choma, na kichuri, ule mchuzi mchungu utokanao na matumbo ya mnyama, ambao mwenyeji huufurahia na mgeni huutazama kwanza. Zamani kichuri kilinywewa pale mnyama alipochinjwa, na aliyekinywa alialikwa. Sasa afisa wa kutoka Dodoma aweza kukiagiza akiwa hamjui mtu hata mmoja mjini.

Mgodi wa dhahabu wa North Mara, huko Nyamongo, ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2002, nao ulirudisha mambo ya kale kwa sura mpya. Ndani ya ua mfanyakazi hulishwa na mwajiri, kama mpagazi na kama askari wa K.A.R., na mlo wake ni sehemu ya ujira. Nje ya ua ni dereva wa lori, fundi wa siku, mchuuzi na mchimbaji mdogo, na hawa hulishwa na mama lishe kwa fedha taslimu, au kwa daftari la madeni. Daftari hilo ni maandishi ya kuhifadhiwa. Lina majina ya utani, idadi ya sahani, na mistari iliyokatwa. Mstari usiokatwa ni wa mtu aliyehama usiku.

Imebaki habari ya posho yenyewe. Katika Tanzania neno hilo limeacha kuwa nafaka, likawa fedha. Mtumishi wa umma akisafiri kikazi hulipwa posho ya kujikimu kwa kila usiku alalao nje ya kituo chake, na Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zimepanga haki hiyo. Kwa hesabu hii, hatimaye, serikali inalipa chakula cha mtu wake, na kuku wa mwanakijiji ni wa mwanakijiji. Lakini fedha si lazima iliwe, nafaka ndiyo isiyokuwa na njia nyingine. Mtumishi mwenye watoto shuleni hutazama posho yake, hutazama orodha ya bei ya hoteli, akaenda kula kwa mama lishe, na baki akaituma nyumbani kwa simu. Wa pili hufanya zaidi: hukumbuka kwamba ana shangazi Mugumu. Hufikia kwake, hulala, hula ugali na kuku, akapiga gumzo na jamaa, na asubuhi huaga kwa heshima. Shangazi amefurahi, wala hakudanganywa kuwa ni ndugu yake. Ila kwa siku mbili amelisha serikali, kama bibi yake alivyoilisha, na posho imepita mlangoni pake bila kuingia. Wako waachao noti chini ya mto wa kulalia kabla ya kuondoka, na wako shangazi ambao huirudisha kwa ghadhabu.

Pale Sirari maana mbili za neno zinakaa karibu kabisa. Upande wa Isebania, katika Kenya, posho ni unga bado, na mashine ya posho ni mahali pa kusagia mahindi. Hatua chache kusini, karani aliyeketi mkahawani akisubiri kazi ya forodha akiulizwa na mwenziwe kama posho imeingia, hutazama simu yake.